Dereva Aliyesema Bado

Khisa Barasa alikuwa amelala chali kitandani, macho wazi, barakoa ya hewa imening'inia shingoni, na kambi nzima ilikuwa inamngoja yeye.

Wenzake karibu arobaini walikuwa wameshalala. Vitanda vyao vilikuwa vimefungwa, ubaridi umeshawaingia mwilini, na moyo wa kila mmoja ulikuwa unapiga mara moja moja, kama mtu anayekumbuka jambo halafu analisahau. Mitambo ya kusaga mawe ilikuwa imelala. Pampu za maji zilikuwa zimelala. Nje, jua lilibaki kipande tu juu ya ukingo wa shimo, na likishazama halingeonekana tena kwa wiki mbili. Usiku wa mwezini ndivyo ulivyo. Paneli hazipati kitu, na betri za kambi haziwezi kulisha watu walio macho kwa muda wote huo. Aliye macho anakula umeme. Aliyelala anaulamba tu.

Sikudhani Nangumbi, fundi wa usingizi, alikuwa amesimama mbele ya skrini pembeni ya kitanda cha Khisa. Kazi yake ilikuwa kuilaza kambi na kuiamsha. Kwenye skrini maneno ya kijani yalishuka mstari mrefu, yote TAYARI. Neno moja tu lilikuwa la njano. BADO.

"Dada, sema ukweli," Khisa alisema. "Mimi ndiye abiria anayechelewesha gari."

"Tulia. Pampu yako haijamaliza."

"Haijamaliza nini? Inasukuma damu. Hiyo kazi huwa inaisha?"

Sikudhani aliinamia skrini. Alibonyeza tena. Mfumo ukauliza tena, na dereva wa pampu akajibu tena vilevile, bila hasira.

Kila kitu chenye waya pale kambini kilikuwa na dereva wake, yaani programu ndogo inayojua lugha ya mtambo mmoja. Mfumo mkuu wenyewe haukujua kusaga jiwe wala kupasha kitanda joto. Ulichojua ni kuamrisha madereva. Kabla ya giza ulimpitia kila mmoja na kumwuliza kama yuko tayari kulala. Dereva aliuambia mtambo wake umalize kilichoko mkononi, akaandika ulikuwa katika hali gani ili baadaye aurudishe palepale, kisha akajibu. Mitambo mikubwa ililala kabisa: kumbukumbu zake ziliandikwa kwenye hazina isiyohitaji umeme, na waya ukakatwa. Vitanda vya watu havikulala kabisa. Vilisinzia, vikiwa na uzi mwembamba wa umeme. Kitanda kikikatiwa uzi huo, mtu aliyemo anaganda, na habari yake imeishia hapo.

Na utaratibu ulikuwa mmoja: mtoto analala kwanza, mzazi baadaye. Kitanda ni mtoto wa bweni, bweni ni mtoto wa tawi, tawi ni mtoto wa betri. Huwezi kulaza bweni wakati kitanda kiko macho, maana atakayekilisha ni nani? Kuamka ni kinyume, mzazi kwanza. Katika mti huo, pampu iliyokuwa kifuani mwa Khisa ilikuwa mtoto wa kitanda chake. Isipolala pampu, kitanda hakilali. Kitanda kisipolala, tawi zima linabaki linakula.

Lwitiko Mwaijande, mkuu wa kambi, alitokea mlangoni akiwa na nguo zake za kulalia na blanketi begani. Yeye na Sikudhani ndio waliokuwa wa mwisho kulala kila mara.

"Siku, kuna nini? Betri inashuka."

"Imebaki bado moja, Mkuu. Pampu ya Khisa."

"Kwenye majaribio ilisemaje?"

"Ilisema bado."

"Na ukaipitisha?"

"Mkuu, na wewe ulikuwepo."

Ni kweli Lwitiko alikuwepo. Aliliona neno lile na halikumshtua. Mtu akikwambia bado, jambo lipo njiani. Unamwuliza kama chakula kimeiva, anasema bado, unavuta kiti. Khisa alikuwa amefika na chombo cha mwisho, hili lilikuwa giza lake la kwanza, na wote walidhani pampu mpya inahitaji muda wa kuzoea.

"Mruke," Lwitiko alisema.

Amri ya kuruka ilikuwepo. Iliwekwa kwa ajili ya mitambo ya mawe ikikwama: mfumo unampita dereva asiyejibu vizuri na kuendelea na wengine.

"Nikimruka, kitanda kitaanza kumpoza," Sikudhani alisema. "Pampu itafanya nini, sijui. Dereva hajasema."

"Niko hapa hapa, mnajua?" Khisa alisema. "Si lazima mniongelee kama friji."

"Niwie radhi, Khisa. Nina watu arobaini."

"Na mimi ni mmoja wao, ama nimeshatolewa?"

Lwitiko alitazama dirishani. Kipande cha jua kilikuwa kimepungua.

"Nipe nafasi nimpigie aliyeandika dereva huyu," Sikudhani alisema. "Injinia Shemdoe. Amestaafu, yuko kwao Lushoto."

"Mpigie. Jua likizama lote, unamruka."

*

Sauti kutoka mwezini kwenda duniani na jibu kurudi huchukua muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Kwa watu wengine si tatizo. Kwa Injinia Shemdoe lilikuwa tatizo, kwa sababu salamu zake hazikuwa na mwisho.

"Sikudhani, mwanangu! Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Shikamoo. Mzee, nina haraka, kuna..."

"Marahaba! Habari za huko juu? Baridi inawasumbua?"

"Nzuri, mzee. Nimekupigia kuhusu..."

"Na mama yako? Ule mguu wake?"

"Umepona."

"Alhamdulillahi. Huku mvua zimezidi, viazi vimeozea shambani. Lakini tunashukuru."

Lwitiko alijipiga kofi kwenye paji la uso. Khisa alianza kucheka palepale kitandani.

"Huyu ndiye aliyeandika moyo wangu?"

"Mzee," Sikudhani akapaza sauti, "pampu ya Khisa Barasa inasema bado."

Huko Lushoto kikombe kikawekwa mezani.

"Ndiyo," Shemdoe alisema.

"Tumeingoja tangu tulipoanza kulaza watu. Inangoja nini?"

"Aa, hiyo. Unajua, mwanangu, pampu ile ni ya namna yake."

"Itamaliza lini?"

"Kumaliza, kwa kweli... bado."

"Mzee!"

"Nakuelewa. Nakuelewa sana."

Khisa akajiinua kwa kiwiko na kukivuta kipaza sauti kwake.

"Mzee Shemdoe, mimi Khisa. Nikuulize kwa njia ya kwetu Bungoma. Hii pampu yangu inaweza kulala? Ndiyo ama hapana?"

"Kijana wangu, hilo swali lina..."

"Ndiyo ama hapana, mzee."

Wakasikia kiti kikisogezwa huko Lushoto, na mlango ukifungwa.

"Haikutengenezwa kulala," Shemdoe alisema.

"Basi kwa nini hukuandika hapana?"

"Ningeandika hapana, ungekuwa hapo ulipo?" Sauti ya mzee ilikuwa imebadilika, imekuwa kavu. "Dereva ana majibu matatu: tayari, bado, hapana. Kifaa kikijibu hapana kwenye meza ya ukaguzi, mwenye kifaa anarudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Wewe ulikuja ofisini kwangu na tai ya kuazima, ukaniambia umeililia kazi hiyo tangu kabla hujapasuliwa kifua. Nikuandikie hapana kifuani? Nikaandika bado. Wenye kiwanda waliniahidi pampu mpya inayojua kulala, itoke kabla hujasafiri. Nikawauliza kila mwezi."

"Wakasemaje?" Sikudhani aliuliza.

"Wakasema bado."

Khisa alijitupa tena kwenye mto. "Nyinyi Wabongo mtaniua kwa adabu."

"Mzee, nikimruka?"

"Usithubutu. Mwili ukipozwa, damu inakuwa nzito kama uji. Moyo wa nyama unajua kupunguza mwendo. Pampu ile haijui. Itasukuma uji kwa nguvu ileile inayosukumia maji, na kitu kitapasuka, kama si kichwani ni mapafuni. Na hata akipona, dereva hana hali yoyote aliyoiandika ya kumrudisha. Ataanza kama ndiyo kwanza anatolewa kwenye boksi. Sikudhani, mwambie mkuu wako..."

"Ninakusikia," Lwitiko alisema.

"Basi umesikia."

Sikudhani alikata kabla mzee hajaanza kuaga.

*

Lwitiko aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, ambacho ndani yake mpishi wa kambi alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo chini ya kioo.

"Hatumruki," alisema. Alisema kama mtu anayejiambia mwenyewe. "Haya. Akikaa macho humu ndani?"

"Tawi lote linabaki wima. Hewa, joto, taa. Betri inakata kabla jua halijarudi, na bweni hili ndilo litaganda la kwanza."

"Si nikae tu kule langoni?" Khisa aliuliza. "Kuna soketi."

"Soketi ya lango inanyonya betri ileile. Ukae macho hapo kuanzia leo, tunafika palepale."

Sikudhani alikuwa ameshawaza kitu kingine na alikuwa anakipima kabla ya kukisema. Nje ya lango kulikuwa na lori la kuchimbia ambalo halikwenda kazini wiki ile. Betri yake ilikuwa imejaa na haikuwa sehemu ya kambi. Kabini yake ilikuwa na hewa na joto la mtu mmoja, na chaja ya kuingiza kwenye mkanda wa kiunoni unaolisha pampu ya Khisa.

"Nitakuchomoa kwenye mti," alimwambia Khisa. "Mfumo unangoja jibu la vifaa vilivyomo tu. Ukichomolewa, hakuna wa kusema bado. Kambi inalala, wewe unakaa macho kwenye lori mpaka jua lirudi."

"Kwa hiyo kwenye vitabu vyenu nitakuwa nini? Nimefukuzwa kazi ama nimekufa?"

"Hupo tu."

"Heri ningefukuzwa." Alikaa kitako, akaanza kufunga vifungo vya shati juu ya kovu lake refu. Kisha mikono ikasimama. "Na lori likizima?"

Sikudhani na Lwitiko walitazamana.

"Nauliza tu. Lori likizima, nitakuja langoni nibishe hodi. Nani ataitikia? Mmelala wote."

Hapo ndipo penye kazi, na Sikudhani alilijua hilo kabla hajaulizwa. Kambi ikilala, si kila kitu kinaruhusiwa kuiamsha. Jua linaruhusiwa. Lango haliruhusiwi. Zamani liliruhusiwa, mpaka zamu moja mtetemeko mdogo ulipolitikisa lango katikati ya giza, mfumo ukadhani kuna mtu, ukaamsha kila kitu. Umeme wa kupoza miili upya haukuwepo. Vitanda sita vilifunguliwa na waliokuwamo hawakuamka. Baada ya hapo ruhusa ya lango iliondolewa, na hakuna aliyelalamika.

Angeweza kuirudisha. Ilikuwa amri ya mstari mmoja. Lakini lango haliwezi kumwamsha mtu mmoja. Mzazi anaamka kwanza, na mzazi akiamka anawapasha joto watoto wake wote. Kila tawi la mabweni lilikuwa na watu kumi, mengine zaidi. Yeyote atakayechaguliwa kumfungulia Khisa mlango, wenzake wa tawi wangepashwa naye, na wangekaa macho gizani wakila umeme usiokuwepo.

Nao walishasema tayari. Kila mmoja alibonyeza kidole chake kabla ya kufungiwa. Walikuwa tayari kulala mpaka jua. Hawakuulizwa kama wako tayari kuamshwa kwa ajili ya Khisa. Sikudhani aliwafahamu wote. Aliamini wengi wangekubali, kwa sababu Khisa alikuwa mtu wa watu, alikuwa amewachekesha mezani tangu siku aliyofika. Lakini aliona pia jinsi ilivyo rahisi kumsemea mtu aliyelala. Ukimtazama chini ya kioo, haoneshi kubisha.

"Tawi la ofisi lina vitanda viwili tu," alisema. "Changu na chako, Mkuu. Na wewe hujalala. Nakuuliza."

"Unaniuliza nini hasa?"

"Nilipe lango ruhusa ya kutuamsha sisi wawili. Khisa akibisha, tunaamka. Huenda tusiweze kulala tena."

"Na tusipoweza kulala tena?"

"Tunaishi kwa kinachobaki."

Lwitiko alilitazama blanketi lake. "Nina mapacha Tukuyu," alisema. "Hawajaanza shule." Alimgeukia Khisa, akamwangalia usoni. "Hapana. Nisingependa kukwambia nitafikiria. Hapana, Khisa."

Khisa alitikisa kichwa polepole. "Sawa. Angalau wewe umesikika."

Sikudhani alijitazama kama ana hasira, akaona hana. Alikuwa ameuliza swali na amepewa jibu.

"Basi nisaidie kubeba kitanda changu," alimwambia Lwitiko.

*

Walikisukuma mpaka kwenye ujia wa lango, wakakiacha kati ya ukuta na kabati la suti. Sikudhani aliuchomeka waya wake kwenye laini ya lango, akalirudishia lango ruhusa ya kuamsha. Ilikuwa laini nyembamba, iliyowekwa kwa ajili ya mota ya mlango, taa moja na soketi. Hapo kitanda kilikuwa mtoto wa lango peke yake. Khisa akibisha, angeamka yeye na mlango, basi.

"Joto la laini hii ni dogo," Lwitiko alisema. "Unaweza kupoteza vidole hata kama hakuna atakayebisha."

"Najua."

"Wewe ndiye unayeamsha kambi."

"Jua litaiamsha. Wewe utafuata hatua, zimebandikwa ukutani. Mzazi kwanza."

"Siku, mimi sijakulazimisha."

"Hujanilazimisha, Mkuu. Washa kitanda."

Khisa alikuwa ndani ya suti, kofia mkononi, mfuko wa chakula umefungwa kiunoni pembeni ya mkanda wa pampu. Alimvuta Sikudhani pembeni, kadiri ujia wenye upana wa mlango ulivyoruhusu.

"Sikukuomba hili."

"Hukuniomba."

"Nikibisha, naweza kukuua."

"Inawezekana."

"Nisipobisha nimejiua. Umenipa kazi gani sasa?"

"Ndiyo maana nakwambia leo, ukiwa na joto na akili. Lori likizima, bisha. Usianze kupiga hesabu za nani ana watoto."

"Mimi Mbukusu, dada. Nitabisha mpaka mlango utoke kwenye bawaba."

"Hauna bawaba. Unateleza."

"Utateleza mpaka duniani, basi." Alivaa kofia. Kupitia kioo walimwona akisema kitu kingine, lakini kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, na hawakumwuliza arudie.

Sikudhani alilala kitandani. Juu ya uso wake skrini ndogo ikamwuliza, akabonyeza kidole. Lwitiko aliinama, akamfungia kifuniko kwa mikono yote miwili, taratibu, kama mtu anayefunika sufuria asije akamwamsha mtoto.

*

Mtu anayeamka hajui amelala kiasi gani. Mwilini ni kama alifumba na kufumbua. Kwa hiyo dereva aliyeandikwa vizuri akiamka haamini kitu. Anauliza saa kwanza. Anaangalia kama mtambo wake ungali pale, kama ni uleule, kama hakuna aliyeubadilisha gizani. Dereva mbovu anaendelea alipoachia, anaharibu kila kitu akidhani dunia ilimsubiri.

Sikudhani alianza na vidole. Vya mkono wa kulia vilimjibu vyote. Vya kushoto viwili havikumjibu. Kisha akasoma skrini juu ya uso wake, mahali mfumo unapoandika jina la aliyeamsha. Hapakuandikwa JUA. Paliandikwa LANGO.

Ndipo akausikia mlango. Ulikuwa unapigwa kwa kitu cha chuma, bila mpangilio, kisha ukimya, kisha tena.

Alitoka kitandani kwa magoti. Kufungua kifuniko cha swichi kulimchukua muda kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa kama wa mtu mwingine. Mlango wa nje ukafunguka, ukafungika, hewa ikaingia, na wa ndani ulipoteleza, Khisa alianguka ndani akiwa na spana mkononi. Taa ya mkanda wake ilikuwa nyekundu. Sikudhani alimburuta mpaka kwenye soketi, akachomeka waya. Taa ikabaki nyekundu. Kisha ikawa ya njano.

Alimvua kofia. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Lori," Khisa alisema baadaye, alipoweza. "Betri ilipasuka kwa baridi. Lote limezima, joto, chaja, kila kitu. Nikatumia betri ya akiba. Ikaisha."

"Nilikwambia lori likizima, bisha."

"Si nimebisha."

"Umebisha ukiwa nusu maiti."

"Dada, nigombeze nikiwa na damu kichwani."

Aliwasha skrini ya ukutani na kuuliza saa. Giza lilikuwa limepita nusu, si zaidi. Akaangalia betri ya kambi. Kwa kuwa lori lilikuwa limembeba Khisa nusu ya giza, kulikuwa na ziada, na ziada hiyo ilifika soketi moja. Hewa ya lango ilikuwa nyingi, iliwekewa watu wengi wanaotoka na kuingia. Tatizo lilikuwa joto. Pampu ilikula kidogo, ila haikuacha kula. Kilichobaki kingepasha suti moja. Wao walikuwa wawili. Kitanda hakingeweza kumpoza Sikudhani tena.

"Kwa zamu," alisema. "Mmoja anapasha suti, mwingine anasubiri. Tunabadilishana."

"Tutafika?"

"Labda."

Khisa alikuwa anatazama skrini. Pale chini, kwa sababu lango sasa lilikuwa macho, palikuwa na kitufe ambacho kawaida hakionekani. Kilimruhusu mtoto aliyeamka kumwita mzazi wake. Ukikibonyeza, betri kuu ingeamka, na unachagua tawi. Dakika chache baadaye kungekuwa na bweni lenye joto, taa, chai, mikono ya watu.

"Hatuwezi kuamsha hata wawili?" Khisa aliuliza.

"Hawaamki wawili. Linaamka tawi."

"Mkuu, je? Tawi lake sasa lina yeye tu."

"Mkuu alisema hapana."

"Alisema akiwa na joto. Akituona hivi..."

"Nami nilimsikia."

Khisa akaegemea ukuta. Pumzi yake ilitoka kama moshi na kuanguka kwenye suti kama unga.

"Wewe akili zako zipo sasa hivi?" Sikudhani alimwuliza.

"Zipo. Nyingi tu."

"Na zangu zipo. Baridi ikianza kazi, huondoka vidole kwanza, akili zinafuata. Utafika muda mmoja wetu atakuwa amelala, mwingine anakitazama hiki kitufe, na atajiambia tawi moja halina neno. Atajiambia wangekubali. Simlaumu. Hata mimi nitajiambia hivyo."

"Unataka tufanye nini?"

Alipiga magoti chini ya skrini, akafungua kifuniko kwa mkono wa kulia. Ndani kulikuwa na nyaya, na kati yake mmoja mwembamba, wa bluu, uliobeba wito wa lango kwenda juu. Soketi ilikuwa na waya wake mwingine. Ungetoka huu, umeme ungebaki, lakini hakuna chochote katika ujia ule ambacho kingeweza kumwamsha mtu tena. Wangebaki kulingoja jua kama wengine, ila wao wakiwa macho.

Khisa aliinama akauona, akaelewa.

"Ukitoka, unarudi?"

"Kwa vidole hivi? Haurudi."

Aliushika, kisha akasubiri, kwa sababu huyu naye alikuwa macho na alipaswa kuulizwa. Alimgeukia. Khisa alikuwa anatetemeka. Aliitazama ile milango ya mabweni mwisho wa ujia, akautazama waya, kisha akatoa tochi kwenye mkanda wake na kuisogeza karibu ili Sikudhani aone vizuri.

Sikudhani akauchomoa. Kitufe kikatoweka kwenye skrini.

"Haya," Khisa alisema, huku akimsukumia waya wa kupashia suti kwa goti. "Wewe ndiye uliyetoka kwenye barafu. Anza wewe. Na usinijibu kwa adabu, vaa."